Mungu Asiye na Pembe

Jijini Mexico, tarehe 3 Mei 1562
Sikukuu ya Msalaba

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Nipelekee shikamoo na kwa Bibi. Leo ni tarehe tatu Mei, na naapa kwa mkono huu unaoshika kalamu kwamba nitakueleza yote, hata yale yatakayokufanya unikunjie uso. Mama Beatriz, mwalimu wetu, husema barua inayoficha jambo ni kama kapu lililotoboka: litafika, lakini limepungua.

Jana alituonesha kitabu kilichochapwa kwao ng'ambo. Ndani yake mna picha ya Tlaloc, yule mungu wa mvua wa wazee wetu. Babu, wamempa pembe mbili, mkia, miguu ya mbuzi na mdomo wa pili tumboni. Mkononi ameshika moyo wa mtu, kama mtu anavyoshika parachichi kuona kama limeiva. Miguuni pake kuna maiti za watu wetu, zimerundikwa kama kuni.

Leonor, yule ambaye baba yake anauza mvinyo, aligeuka akaniuliza mbele ya wote, "Xoco, kwenu mlimani mnakula mioyo na pilipili au na chumvi tu?"

Nikamjibu, "Kwetu tunakula maharagwe, na wewe ungekuja ungeomba uongezewe."

Wasichana wakacheka, lakini mimi nilikuwa bado nimekasirika. Nikasimama nikasema, "Huyo siye Tlaloc. Hana pembe."

Siku hiyo tulikuwa na mgeni, mtu wa Askofu, aliyekuja kukagua sala zetu. Wanamwita Mkaguzi. Aliniuliza kwa upole sana, "Sura yake umeijulia wapi, binti?" Nikamwambia babu yangu, Toribio wa Atlixpan, anamchora vizuri kuliko mtu yeyote aliye hai. Akaandika jina lako kwenye kijitabu chake, na jina la mji wetu. Nilijisikia fahari, Babu.

Lakini usiku nilipata shaka, kwa sababu kwa kweli sijawahi kumwona mzima. Nimeona uso tu, ule uliokuwa ukinichorea kwenye majivu ya jiko. Niambie: ana pembe?

Mjukuu wako,
Marta Xoco


Atlixpan, tarehe 16 Mei

Mjukuu wangu Xoco,

Marahaba. Nisamehe mwandiko. Mkono wangu ulizoea kuchora miaka mingi kabla ya kujua kuandika, kwa hiyo herufi zangu zinatembea kama bata mzinga aliyelewa.

Hana pembe. Mbuzi wenyewe tuliwaona kwa mara ya kwanza Wahispania walipowaleta. Tlaloc angezitoa wapi?

Uso wake ni nyoka wawili waliosokotana. Wanapokutana ndipo penye pua, na wanapojizungusha ndipo penye macho. Meno yake ni marefu. Mwili ni buluu, ile buluu ya udongo ambayo mvua haiifuti, na kichwani ana manyoya ya korongo mweupe. Mkononi ana radi. Anatisha, sikukatalii. Lakini anatisha kama wingu linavyomtisha mtu mwenye shamba kavu: unaliogopa, na unaliomba lisipite.

Unajua Padri Anselmo wetu amenipa kazi ya kuchora kitabu cha mambo ya zamani. Anasema watu wa kesho wasipoyajua watayabuni. Kurasa ni kumi na mbili. Kumi na moja zimekwisha. Huo wa kumi na moja ungeupenda: ni sikukuu ya milima, pale kila nyumba ilipofinyanga milima midogo kwa unga wa mbegu za mchicha, ikaipa macho ya maharagwe na meno ya mbegu za boga, ikaiimbia, kisha mwanamke wa nyumba akaichoma kwa ubao wa kufumia, akautoa moyo wake wa unga, na watu wakala. Nimemchora Bibi yako akiwa kijana, ubao mkononi. Anasema nimemnenepesha.

Ukurasa wa kumi na mbili bado. Kila nikiuanza, rangi hunikaukia.

Kuhusu yule mgeni aliyeandika jina langu, sina la kusema. Soma kwa bidii. Bibi anauliza kama bado unafunga kitambaa kichwani. Fungua ukilala tu, na uwe wa mwisho kulala. Usimwulize sababu.

Babu yako,
Toribio


Jijini Mexico, tarehe 5 Juni

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mimi si wa kuficha, kwa hiyo nasema: kitambaa kilivuliwa. Leonor alikivuta tukiwa kisimani. Wakaona utosi wangu, jinsi nywele zinavyozunguka mahali pawili, kama maji yanayoingia kwenye mashimo mawili. Leonor akasema, "Huyu alizungushwa mara mbili tumboni, ndiyo maana akili zake zimepinda." Nilimmwagia ndoo ya maji. Nimeadhibiwa, nimeosha sakafu ya kanisa siku tatu, na sijutii.

Lakini Babu, nywele zangu zina nini? Bibi amekuwa akizificha tangu nikiwa mdogo. Nilidhani ni chawa.

Habari njema: Mkaguzi ametuaga. Anasafiri kuja Atlixpan, anasema anataka kumwona mchoraji kwa macho yake. Nimempa salamu zenu. Muoneshe kurasa zote, apate aibu na kitabu chake cha mbuzi!

Xoco wako


Atlixpan, tarehe 27 Juni

Kwa Marta Xoco.

Mimi ni Luka, mwimbaji wa kanisa, yule mzee wa magoti mabovu. Ninayeandika ni mimi, lakini maneno ni ya Bibi yako, na siongezi hata chembe, ingawa ananitukana kila nikichovya kalamu.

Xoco mwanangu. Salamu zako zilifika. Zililetwa na Mkaguzi na askari wawili.

Alikaa kwenye meza ya Padri Anselmo akafunua kurasa moja moja. Nilikuwapo, nilikuwa nimepeleka uji. Alipofika kwenye ule wa milima alisimama wima. Akamwuliza Babu yako, "Mwanamke huyu anamchinja mtoto wa nani?"

Babu yako akasema, "Huyo si mtoto, bwana. Ni mlima."

"Mlima una macho?"

"Ya maharagwe."

"Una meno?"

"Ya mbegu za boga."

"Na huu ni moyo, au nao utasema ni njegere?"

"Ni moyo, bwana. Wa unga. Mlima usio na moyo utatoa wapi maji?"

Ndivyo wachoraji wetu walivyofundishwa, mwanangu: kitu chenye roho hupewa uso. Unajua hivyo, najua hivyo. Yule mtu wa ng'ambo aliona uso akaona mtoto. Akauliza, "Na mwanamke ni nani?" Babu yako, ambaye hajajifunza kudanganya tangu azaliwe, akasema, "Ni mke wangu huyu hapa, ila nimemchora angali kijana."

Kila mtu akanitazama mimi na sufuria yangu.

Nikamwambia Mkaguzi, "Nipe unga wa mchicha nikuoneshe sasa hivi, utakula na utajilamba vidole." Akasema unga huo wa sanamu umekatazwa. Nikamwambia, "Basi umekataza ushahidi wangu, bwana, halafu unasema sina ushahidi." Padri Anselmo akakohoa. Luka anasema alikuwa anacheka. Luka, hilo usiandike.

Sasa sikiliza. Babu yako amefungiwa kwenye ghala la mishumaa. Amepewa rangi na karatasi mpya. Mkaguzi anasema mtu anayemjua mungu wa uongo kiasi kile, hadi idadi ya manyoya, lazima anamwabudu. Ili aamini kwamba sivyo, Babu achore upya: Tlaloc awe na pembe na mkia kama kwenye kitabu chao, na mlima wa unga uwe mtoto wa nyama. Akifanya hivyo kabla ya Sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, mwezi ujao, anarudi nyumbani. Asipofanya, atachapwa viboko uwanjani na kurasa zote zitachomwa.

Hachori. Amekaa tu anatazama ukuta.

Wewe anakusikiliza. Mwandikie. Sikuambii umwambie nini, kwa sababu mimi mwenyewe asubuhi nataka hivi na jioni nataka vile.

Bibi yako,
Isabel Teyacapan
(nimemwekea msalaba wa sahihi mimi Luka, yeye ameuwekea mkia)


Jijini Mexico, tarehe 2 Julai

Babu,

Shikamoo. Sijui kama shikamoo inafika kwenye ghala la mishumaa.

Ni mimi niliyemleta. Nilisimama darasani, nikakutaja jina na mji, nikadhani nimekutukuza. Mtu aliniuliza kwa upole na mimi nikadhani upole ni wema. Sitaacha kulijua hilo hata nikizeeka.

Kwa hiyo nakuomba: chora pembe. Ni mistari miwili tu, Babu. Weka na mkia. Ukishatoka utachora tena nyumbani, bila pembe, na tutaificha darini chini ya mahindi. Mimi ndiye niliyesema mbele ya watu wote kwamba hana pembe. Nakupa ruhusa unifanye mwongo. Nitavumilia Leonor anicheke hadi nimalize shule.

Una miaka hamsini na saba. Nimewaona watu wakichapwa uwanjani hapa jijini, na walikuwa vijana.

Tafadhali.

Xoco


Atlixpan, tarehe 12 Julai

Mjukuu wangu,

Marahaba, imefika. Huku kunafika kila kitu, hata panya.

Umeniruhusu nikufanye mwongo. Ni zawadi kubwa, na naikataa. Kaa utulie nikwambie sababu, maana uliniuliza nywele zako zina nini nami sikukujibu.

Nilikuwa na dada. Aliitwa Centehua. Yeye alikuwa na miaka sita, mimi tisa. Nywele zake zilizunguka mahali pawili utosini, kama zako. Siku zile, mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa wa Tlaloc tangu mkunga alipomwosha. Ndiyo maana Bibi anakufunga kitambaa. Mlima hauombi tena mtoto, na sheria hiyo imekufa na watu wake, lakini mikono ya Bibi yako haijui kwamba imekufa.

Mwaka ule mahindi yalikauka yangali mafupi. Wakaja makuhani kumchukua. Walimpamba, wakampaka uso rangi, wakamkalisha kwenye kiti cha kubebwa, chenye maua na manyoya mengi hata yeye akawa haonekani vizuri. Baba yangu alikuwa mmoja wa wabebaji. Aliomba mwenyewe awe mbebaji. Mimi nilifuata nyuma na kapu la maua. Centehua alianza kulia njiani, na watu wakafurahi, kwa sababu machozi ya mtoto yalikuwa dalili ya mvua. Na mimi nilifurahi, Xoco. Nilimshangilia. Hilo sijamwungamia padri yeyote.

Tulishuka bila yeye.

Sasa Mkaguzi anataka nichore shetani. Shetani ni rahisi, ningemmaliza kabla ya chakula cha mchana. Lakini nikimchora, basi shetani ndiye aliyempandisha Centehua mlimani, na baba yangu hakuwapo, na mimi sikuwapo na kapu langu. Yule tuliyempelekea hakuwa na pembe. Alikuwa buluu, alikuwa mzuri, na tulimpenda. Angekuwa mbaya tusingempa kitu.

Na wapo watu wetu wanaoninong'oneza dirishani, "Toribio, sema yote yalikuwa unga na mbegu za boga." Nao nimewakatalia. Palikuwa na unga, na palikuwa na Centehua. Ukurasa wa kumi na moja, na ukurasa wa kumi na mbili. Anayetaka mmoja bila mwingine akachore mwenyewe.

Umekwisha, huo wa kumi na mbili. Nimeuchora humu humu, kwa karatasi na rangi za Mkaguzi. Mchana ananichungulia anaona nafanya kazi, anafurahi. Luka ataupitisha ndani ya kitabu kikubwa cha nyimbo na kukuletea wewe.

Picha inataka maneno pembeni. Bata mzinga wangu hawafai kazi hiyo. Andika wewe. Ukiogopa, andika kwamba ni ibilisi, sitakulaumu. Una miaka kumi na tatu na mgongo mmoja. Lakini itazame kwanza.

Babu yako,
Toribio


Jijini Mexico, tarehe 1 Agosti

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Luka alifika jana, anachechemea na anaimba. Aliniambia yote, nami nilimkatalia kuruka hata kidogo. Viboko ishirini. Kurasa kumi na moja uwanjani, na buluu yake ikaungua kijani. Alinieleza jinsi Mkaguzi alivyokuuliza mara ya mwisho, "Ana pembe au hana?" nawe ukamjibu, "Bwana, mbuzi ni wenu." Na jinsi wanawake wa Atlixpan walivyokuja wote na mbao zao za kufumia wakasimama kimya kuzunguka uwanja. Mkaguzi alipouliza mbao ni za nini, Bibi akasema, "Tumetoka kwenye vitanda vyetu vya kufumia, bwana. Au na kufuma kumekatazwa?" Hakuna aliyeondoka mpaka wewe ulipofunguliwa. Luka anasema askari ndio walioanza kuangalia chini.

Anasema mkono wako hawakuugusa. Nilimfanya aape mara mbili. Anasema pia Padri Anselmo ameagiza karatasi nyingine, na kwamba hakumwambia Mkaguzi kwa ajili ya nini.

Basi nikautazama ukurasa wako.

Niliutazama mpaka kengele ya sala ikalia na sikwenda. Centehua ni mdogo sana, Babu. Umemchora mdogo kuliko maua. Baba yako umemwonesha uso, na machozi umeyaweka kwake pia, ingawa hukuniandikia kwamba naye alilia. Na mvulana wa nyuma anacheka. Hukumficha.

Nilivua kitambaa. Niliingia darasani hivyo, utosi wazi, nikakaa mahali pangu. Leonor akasema, "Ndizo hizo nywele za kishetani?" Nikamwambia, "Ndizo. Njoo uzihesabu." Alikuja kweli. Akaweka kidole kwenye mzunguko mmoja, kisha kwenye wa pili, akaniuliza kwa sauti ndogo kama inauma. Nikamwambia haiumi. Akarudi kukaa mahali pake.

Nikaandika mbele ya wote, mchana, mlango wazi. Nimekunakilia hapa ili usubiri bila wasiwasi:

"Huyu ni Tlaloc, mwenye mvua. Hana pembe. Aliyebebwa ni Centehua wa Atlixpan, mwenye umri wa miaka sita, aliyependwa nyumbani kwao. Waliombeba ni watu, na mmoja wao ni baba yake. Anayecheka ni kaka yake, ambaye amechora picha hii akiwa mzee, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba halikutendeka, wala wa kusema kwamba lilitendwa na wanyama. Picha ni ya Toribio. Maneno ni ya Marta Xoco, mjukuu wake, mwenye nywele kama za Centehua."

Mama Beatriz alikuja akasimama nyuma yangu akasoma. Alisoma taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Nilingoja aite watu. Alikwenda akafunga mlango. Kisha akatoa wino wake mwenyewe kabatini, ule mzuri, akasema, "Neno la tatu limetawanyika. Likwangue uliandike upya. Maneno kama haya hayafai kuwa na doa."

Ukurasa umo chini ya kitambaa cha madhabahu cha ziada, ambacho mimi ndiye ninayekifua. Utakaa hapo hadi kitabu kipya cha Padri Anselmo kipate jalada. Mkaguzi akija na kuuliza ni nani aliyeyaandika maneno, jina liko hapo chini, na mara hii sitalitaja kwa kujisikia fahari wala kwa kudanganywa na upole. Nitalitaja kwa sababu ni langu.

Limebaki jambo moja. Kila kitu umekipaka rangi: mlima, manyoya, kapu lako. Juu ya mlima umeacha anga tupu, jeupe, bila wingu na bila jua. Mwanzoni nilidhani rangi ilikwisha, lakini buluu ilikutosha kumpaka Tlaloc hadi vidole vya miguu. Nimeacha mstari mmoja wazi mwishoni mwa maneno yangu, na siwezi kuujaza mimi.

Luka anarudi kesho na atakuja tena kabla mwezi huu haujaisha. Nipe jibu kwa mkono wake, hata liwe neno moja la bata mzinga. Mwaka ule, Babu, baada ya kushuka: mvua ilinyesha?

Mjukuu wako,
Xoco